Chuo Kisichokuuliza Kozi

Mpwa wangu alikuwa akijaza maombi ya chuo kimoja cha Marekani, akanipigia simu. "Mjomba, nadhani hii fomu imekatika. Nimefika mwisho na hakuna mahali walipouliza nataka kozi gani." Fomu haikuwa imekatika. Vyuo vya aina hiyo humpokea mwanafunzi bila kumfunga kwenye kozi. Unaingia, unasoma masomo ya namna kwa namna kwa mwaka mmoja na nusu au miwili, kisha ndipo unatangaza fani kuu utakayobobea. Kwa sisi tuliogawanywa tungali sekondari, huyu sayansi, yule biashara, tukaingia chuo kikuu kila mtu akiitwa kwa jina la kazi yake ya baadaye, utaratibu huu unafanana na uzembe. Mtu mwenye akili zake analipaje ada bila kujua anasomea nini?

Kwenye simu nilimjibu kwa ufupi. Hapa najibu kwa urefu, maana swali lake ni la zamani sana, na katika umri wake wote halijawahi kuhusu fomu.

Elimu hiyo huitwa sanaa huria, na jina limewapotosha wengi. Akisikia sanaa, mtu anawaza uchoraji na maigizo. Hayo yamo, lakini fizikia nayo imo, biolojia imo, uchumi umo, na hisabati imo tangu siku ya kwanza. Katika orodha ya kale zilikuwa elimu saba: sarufi, mantiki na balagha, yaani ufundi wa kusema na kushawishi, kwa upande wa lugha, kisha hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota kwa upande wa namba. Ndiyo, muziki ulihesabiwa kwenye namba, kwa kuwa ulifundishwa kama uwiano wa sauti na urefu wa nyuzi. Kwa hiyo anayejigamba kwamba yeye ni mtu wa sanaa huria na hesabu hazimhusu amekana zaidi ya nusu ya urithi wake. Na huo uhuria hauna uhusiano na chama wala mrengo wowote wa siasa.

Uhusiano wake ni na utumwa. Wagiriki na Warumi walitenga elimu inayomfaa mtu huru, mwenye muda na sauti barazani, na ufundi wa mikono walioachiwa watumwa na vibarua. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi wa karne ya kwanza, alimwandikia rafiki yake Lucilius kwamba elimu hizi zimepewa jina hilo kwa sababu zinamstahili mtu huru, na kwamba yeye haiheshimu elimu yoyote inayoishia kwenye pesa. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na mashamba ya mizabibu na watu wa kuyalima. Linalonichekesha, kama ni la kuchekesha, ni kwamba walimu wengi waliowafundisha vijana wa Kirumi sarufi na balagha walikuwa watumwa au watu walioachwa huru. Elimu ya watu huru ilikaa vichwani mwa wasio huru, nao wakaigawa kwa amri.

Seneca, kwa haki yake, hakuishia kwenye sifa. Katika barua hiyo hiyo anahoji kama kujua sarufi au jiometri kunamfanya mtu awe mwema, na anajibu kwamba hapana, kunamwandaa tu. Ningependa waandishi wa vijarida vya kunadi vyuo waisome.

Orodha ya saba ilipita mikono mingi. Upande wa dunia ya Kiislamu, mwanafalsafa al-Farabi, aliyefariki mwaka 950 hivi, alipanga katika kitabu orodha yake mwenyewe pana zaidi, kuanzia lugha, mantiki na hisabati hadi siasa, fiqhi na elimu ya kalam, yaani hoja za kuitetea imani, na katika karne ya 12 kitabu hicho kikatafsiriwa kwa Kilatini. Vyuo vikuu vya Ulaya vilipoanza kuwa na kanuni, sanaa hizi zilikuwa hatua ya kwanza. Kanuni za Paris za mwaka 1215 zilimtaka mwalimu wa sanaa awe na miaka 21 na awe amezisoma kwa miaka isiyopungua 6. Wa teolojia alitakiwa asiwe chini ya miaka 35. Hakuna aliyedhani kwamba kijana anaruka moja kwa moja hadi kwenye taaluma kubwa.

Marekani wamebaki na mpangilio huo karibu bila kujua. Huko shule za tiba na za sheria kwa kawaida huja baada ya shahada ya kwanza, na shahada hiyo yaweza kuwa ya historia, mradi anayetaka udaktari awe amesoma biolojia, kemia na fizikia zinazotakiwa. Ndiyo maana mzazi wa huko anaweza kumwona mwanawe akisoma falsafa na bado akalala usingizi. Falsafa si mwisho wa safari. Katika nchi ambako udaktari na uanasheria husomewa moja kwa moja baada ya sekondari, hesabu ni nyingine kabisa, na nitalirudia hilo, kwa sababu vyuo vinavyotafuta wanafunzi wa kigeni havilisemi kwa sauti.

Sasa ndani kunakuwaje? Muhula mmoja masomo manne, mihula minane, jumla masomo 32: hiyo ndiyo hesabu ya Amherst na ya Williams, vyuo viwili vidogo vya jimbo la Massachusetts. Fani kuu huchukua kama theluthi moja. Yanayobaki ndiyo yanayogombaniwa. Williams wanataka walau masomo matatu kutoka kila moja ya makundi matatu: lugha na sanaa, masomo ya jamii, sayansi na hisabati. Amherst, nje ya fani kuu, wanalazimisha semina ya mwaka wa kwanza peke yake. Columbia, mjini New York, wamekuwa tangu 1919 wakiwasomesha wanafunzi wote wa shahada ya sanaa huria maandiko yaleyale ya falsafa na siasa. Na St. John's, chenye kampasi Annapolis na Santa Fe, tangu 1937 kimefuta fani kuu kabisa: wote wanasoma yaleyale kwa miaka minne, wanathibitisha kanuni za jiometri za Euclid, Mgiriki wa kale, ubaoni mmoja baada ya mwingine, na walimu wanatarajiwa kufundisha sehemu yoyote ya mtaala, aliyebobea kemia akiongoza mjadala wa ushairi.

Tofauti hizo zina historia ya ugomvi. Charles Eliot aliongoza Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, akaondoa masomo ya lazima moja baada ya jingine hadi likabaki karibu somo la uandishi tu. Aliamini kijana akipewa uhuru atajenga kitu chake. Wengi walijenga walichoweza kukijenga kwa usingizi: masomo mepesi ya utangulizi, yasiyo na kichwa wala miguu. Mrithi wake, Lowell, ndiye aliyeweka sharti kwamba kila mmoja abobee sehemu moja na aguse nyingine kadhaa. Yaani pale Harvard fani kuu iliingia ili kuuzuia uhuru usimwagike. Nalitaja hili kwa sababu hata wanafunzi wa vyuo hivi hudhani fani kuu ndiyo shahada, na mengine ni mapambo ya kuvumiliwa.

Mimi naegemea kwa Lowell. Uhuru wa kuchagua masomo 32 bila mpango ni njia ya uhakika ya kutoka na vipande 32. Kugusa mambo mengi kuna maana pale tu ambapo kitu kimoja umekichimba hadi ukajua maana ya kutokijua. Lakini naelewa pia kwa nini watu hawataki kuchagua mapema, na mfano ninaoupenda kuutumia ni ramani.

Chukua ramani ya dunia iliyotundikwa madarasani kwa miaka mingi, ile iliyotokana na kazi ya mchora ramani Mercator ya mwaka 1569. Ndani yake Greenland inaonekana kukaribia Afrika kwa ukubwa, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi. Mwanafunzi wa siasa akiambiwa hivyo ana jibu tayari: ni dharau, wakoloni walijikuza. Mwanafunzi wa hisabati naye ana lake: hakuna la kushangaza, kwa kuwa mwaka 1827 mwanahisabati Gauss alionyesha kwamba uso wa tufe hauwezi kulazwa bapa bila kuharibu vipimo, hivyo kila ramani ya dunia inadanganya mahali fulani. Mwanafunzi wa historia anaongeza kwamba Mercator alikuwa akiwafikiria mabaharia, waliohitaji mstari mnyoofu uoneshe mwelekeo mmoja wa dira, na kwa kazi hiyo ramani yake haina mpinzani. Kila mmoja ana ukweli, na kila mmoja akiachwa peke yake anafika pabaya. Wa siasa atamshutumu fundi aliyekuwa akitatua tatizo la jiometri. Wa hisabati ataona suala limekwisha, wakati swali lenye uzito ndiyo kwanza linaanza: ramani ya mabaharia iliingiaje kwenye madarasa ya watoto wasiokwenda baharini, na kwa nini ikakaa humo muda mrefu hivyo? Swali hilo halimo kwenye idara yoyote moja. Ili uliulize sawasawa unahitaji jiometri ya kutosha, historia ya kutosha, na mazoea ya kutoridhika na jibu la kwanza linalokupendeza.

Mazoea hayo hayapatikani kwa kuketi kwenye ukumbi wa watu mia tano na kunakili slaidi. Sehemu ya sanaa huria ninayoiona kuwa na thamani kuliko orodha za masomo ni ukubwa wa darasa. Watu kumi na watano wamezunguka meza, wote wamesoma kurasa zilezile, na mwalimu anakuuliza wewe, kwa jina lako, mwandishi amesema hivyo ukurasa gani. Unaandika insha, inarudi imejaa maswali pembeni, unaiandika upya. Aliyepitia hayo kwa miaka minne amejifunza kitu ambacho mtihani wa mwisho wa muhula hauwezi kukipima, nacho ni kusikia hoja yake mwenyewe ikivunjwa mbele ya watu na kesho yake kurudi kwenye kiti kilekile.

Na hapo ndipo gharama inapoingia, kwa sababu mwalimu mmoja kwa watu kumi na watano ni ghali. Baadhi ya vyuo binafsi vya Marekani vimetangaza bei inayopita dola 80,000 kwa mwaka, malazi na chakula vikiwemo. Vichache vyenye akiba kubwa, Amherst kikiwa kimoja, husoma maombi hata ya wageni bila kuangalia uwezo wao wa kulipa, kisha hufidia upungufu. Ni vichache mno, na kuingia ni kugumu. Kwa hiyo mtu anayesema elimu hii ni ya watoto wa matajiri hajasema uongo. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ambayo husemwa kwa nia njema kabisa: kwamba basi maskini asome kitu cha kumlisha.

Hoja hiyo ina ukoo wake. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa huko Maryland. Bi. Auld, mke wa bwana wake wa Baltimore, alipoanza kumfundisha kusoma, mumewe alimkataza akisema mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Douglass aliisikia hoja hiyo na akaichukua kama maelekezo. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi alinunua kwa senti 50 kitabu cha balagha, mkusanyiko wa hotuba ambao watoto wa Kizungu waliutumia kujifunza kuzungumza hadharani, akasoma humo mazungumzo ya mtumwa na bwana wake ambamo mtumwa anashinda kwa hoja. Balagha, moja ya zile saba, ikiwa mikononi mwa mtu ambaye kwa mujibu wa Warumi haikumhusu. Baadaye alikuja kuwa mmoja wa wasemaji wakubwa wa karne yake.

Baada ya utumwa kufutwa swali likageuka sura. Booker T. Washington, naye aliyezaliwa mtumwa, alianzisha shule ya Tuskegee mwaka 1881 na kuwahimiza Wamarekani weusi washike ufundi, kilimo na useremala kwanza, na hayo mengine yangekuja. W.E.B. Du Bois, msomi mweusi aliyesoma Fisk, chuo cha watu weusi, kisha Harvard, alimpinga kwa maandishi mwaka 1903. Hakukana kwamba watu wanahitaji kula. Alisema lengo la chuo cha kweli si kupata nyama, ni kujua madhumuni ya maisha yanayolishwa na nyama hiyo. Kisha akaongeza jambo la kivitendo ambalo naliona kuwa pigo kali zaidi: Tuskegee yenyewe isingeweza kubaki wazi hata siku moja bila walimu waliosomeshwa na vyuo vya watu weusi, au na wahitimu wa vyuo hivyo. Fundi seremala hufundishwa na mtu, na mtu huyo lazima naye awe amesoma mahali.

Washington hakuwa mjinga. Alikuwa akijenga shule Alabama, katikati ya watu ambao wangeweza kuichoma moto, na alijua lugha gani ingewatuliza wafadhili. Lakini tazama alivyofanya nyumbani. Binti yake Portia alikwenda kusoma Wellesley, chuo cha wanawake cha sanaa huria, kisha muziki Berlin. Simlaumu, mzazi yeyote angefanya hivyo. Najifunza tu kuangalia wanaotetea elimu ya ufundi kwa watoto wa wengine wanawapeleka wapi wa kwao.

Mfano wa karibu zaidi uko gerezani. Mwaka 1994 sheria ya Marekani iliwaondolea wafungwa ruzuku ya serikali ya kusomea chuo, na programu nyingi za magerezani zikafa. Mwaka 2001 chuo cha Bard, jimbo la New York, kikaanza kufundisha wafungwa, na hakikuchagua ushonaji wala ufundi bomba. Kiliwapelekea mtaala wake wa kawaida wa sanaa huria, wenye semina na insha zilezile, kwa shahada ileile. Mwaka 2015 timu ya mdahalo ya wafungwa wa gereza mojawapo iliishinda timu ya Harvard. Magazeti yaliishangilia habari hiyo, lakini mdahalo mmoja ni mdahalo mmoja. Kinachonivutia ni uamuzi wa awali, wa kukataa kumkadiria mtu kwa kazi atakayopewa akitoka.

Watetezi wengine wangemtaja Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa Apple: aliacha chuo cha Reed, akaendelea kuhudhuria darasa la kaligrafia, yaani uandishi wa herufi za kupendeza, na miaka kumi baadaye somo hilo likaingia kwenye herufi za kompyuta ya Macintosh. Hadithi hiyo sitampa mpwa wangu. Inasema kwamba kaligrafia haikuwa na thamani mpaka siku ilipouzwa, na hilo ndilo wazo ambalo elimu hii ilitakiwa kulitilia shaka. Isitoshe, mhusika wake hakumaliza chuo.

Elimu hii imetoka Marekani, kwa mafanikio mchanganyiko. Uholanzi, Utrecht walifungua chuo cha aina hii mwaka 1998 ndani ya chuo kikuu cha umma, na miji mingine ya nchi hiyo ikafuata. Ghana, Ashesi ilifunguliwa mwaka 2002 na Patrick Awuah, aliyesoma Swarthmore, chuo cha sanaa huria cha Marekani, kisha akafanya kazi Microsoft. Pale mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta hupita kwenye uandishi, falsafa na masomo ya Afrika, na wanafunzi waliopiga kura ya kukubali kiapo cha uadilifu hufanya mitihani bila msimamizi. Nikilinganisha niliyoyasoma, mpangilio wa Ashesi naupenda kuliko mingi ya Marekani, kwa sababu haujifanyi kwamba mhitimu hatatafuta kazi. Singapore ni habari nyingine. Yale na Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walianzisha chuo kwa pamoja, wanafunzi wa kwanza wakaingia 2013, mwaka 2021 ikatangazwa kwamba kitafungwa, na 2025 kundi la mwisho likahitimu.

Nirudi kwenye udaktari na uanasheria, kama nilivyoahidi. Ukitaka kuwa daktari, mhandisi, mwanasheria au mfamasia, na unakokusudia kufanya kazi taaluma hizo husomewa moja kwa moja, shahada ya sanaa huria haitakupa leseni. Utahitaji shahada ya pili ya kitaaluma, pengine ndefu na ghali kuliko ya kwanza. Waandikie bodi ya taaluma ya nchi hiyo kabla ya kukiandikia chuo. Vipo vyuo vya sanaa huria vyenye uhandisi, Swarthmore ni kimoja, na vingine vina makubaliano ya kusoma miaka mitatu hapo na miwili kwenye chuo cha uhandisi. Ulizia jina litakaloandikwa kwenye cheti.

Kisha puuza kijarida chenye picha za majani ya vuli. Tafuta ratiba halisi ya muhula uliopita, ambayo vyuo vingi huiweka wazi, uone madarasa ya mwaka wa kwanza yalikuwa na watu wangapi. Uliza nani anayefundisha madarasa hayo, maprofesa wenyewe au vibarua wa muhula mmoja mmoja. Uliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huandika insha ngapi, na ngapi kati yake hurudishwa ili ziandikwe upya. Chuo kinachofanya kazi hiyo kitakutajia idadi papo hapo. Kikianza kukueleza kuhusu kukuza viongozi wa kesho, peleka maombi kwingine.